Mkate Unalia

Mwezi wa Mfungo Sita peke yake nililipa mara tatu.
Elfu thelathini Pongwe, elfu thelathini Muheza,
ya tatu Pongwe tena, chini ya kibao kilekile cha hamsini,
nami naapa mshale ulikuwa arobaini na tisa.
Piga hesabu ya boflo: faida ya matenga yote ya wiki
imegeuka karatasi laini isiyofungia hata karanga.

Nikaenda kwa Singano, barabara ya kumi na sita,
anakouza redio za gari, vioo vya pembeni,
na vitu asivyoviweka kwenye kabati la kioo.
"Nataka kitu cha kunusa tochi," nikamnong'oneza,
kama mtu anayeulizia dawa ya nguvu.
Akafunga nusu ya mlango. Akatandaza vitatu juu ya gazeti.

Cha kwanza bei ya ndama.
Kimetoka Dubai, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi,
kinasema kwa sauti ya mwanamke aliyesoma.
Nikauliza: na ile tochi ya mwanga mwembamba,
anayoilenga afande kama anayetunga uzi?
Singano akakuna shingo. Ni mkweli, ndiyo maana hatajirika.
"Hiyo ikikugusa, kitakwambia.
Ila kitakwambia kama barua ya msiba.
Mtu keshazikwa."

Cha pili hakikusema neno.
Tulikitoa barazani, tukakielekeza kote, kimya.
"Hiki kipole," akasema.
Mpole wa hivyo ninaye, nikamjibu:
shemeji yangu Mhina, analala tangu Kange mpaka Hale.

Cha tatu, bei ya viroba viwili vya unga,
kilianza makelele kabla hatujakifunga.
Kikaulilia mlango wa benki ulipojifungua,
kikakililia kituo cha mafuta,
kikalilia gari jipya lililokuwa linarudi nyuma.
Singano akaona haya. "Hiki kina wasiwasi."

Nikakichukua hicho.

Wasiwasi naujua.
Nilipokuwa nampeleka mama kliniki, Bombo,
alikaa kushoto, kibindo mkononi,
na mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo.
Kila kona. Kila mbuzi.
Kila mbuzi ambaye hakuwepo.
Zulia la upande ule limetoboka, tundu la kisigino,
na gari sijawahi kugonga.

Siku nne kidude kilikaa nyuma ya kioo,
nikiona kofia nyeupe nakitumbukiza tengani, chini ya kitambaa.
Siku ya tano, Mkanyageni, afande Mwanakombo akanyanyua mkono.
Sikuwa mbio. Thelathini na nane.
Alitaka boflo mbili tu, kama kila Alhamisi.
Akainama dirishani, tochi yake inaning'inia kifuani, haijazimwa,
na tenga likaanza kulia.

"Mkate wako unalia?"

"Wa moto, afande. Umetoka tanurini sasa hivi."

Akakifunua kitambaa kwa kidole kimoja.
Akatazama.
Akakifunika tena polepole, kama anayefunika mtoto,
akachagua boflo mbili za tenga la pili.
Akalipa kamili, na siku zote huomba nimpunguzie.
"Kesho," akasema, "sitakuwa hapa."

Hakusema atakuwa wapi.

Basi ni kama yuko kila mahali.
Yuko Kange, yuko Pongwe, yuko nyuma ya mkonge,
yuko kwenye kivuli cha kila kalvati.
Singano aliponiuliza kama kidude kinafanya kazi
nikasema kinafanya, tena sana,
na waya wake nilishauchomoa tangu Ijumaa.

Kimelala kushoto, sakafuni, kwenye lile tundu la zulia.
Lori la machungwa likinikonyeza taa mara mbili
napeleka mguu kwenye breki,
na huko kushoto
nahisi mwingine umeshanitangulia.